Bangili ya Mtihani

"Bibi yako humtozi, Tunu!"

"Mama, nikimsuka bure bangili inanikata alama. Haijui bibi, inajua mteja."

"Na huyo mwalimu wenu wa ujasiriamali, amewahi kuuza hata karanga?"

"Hajawahi. Lakini bangili haimpimi yeye."

Hapo alinishika. Siku hizi bangili wanazovalishwa wanafunzi ndizo mtihani, na Tunu akikatwa alama moja zaidi haingii sekondari.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, nywele zimefumuliwa nusu. "Basi, mjukuu wangu, nitajifunga kitambaa tu," alisema taratibu.

Nilikitoa kitambaa mkononi mwake. "Suka," nilimwambia Tunu. "Ukifeli, utarudia darasa."

Alisuka. Bangili iliwaka nyekundu, ikaanza kulia. Niliifunika kwa khanga, bibi asiisikie.