Mzee Festy Amdanganya Mkaguzi

Kiatu cha kulia kilikuwa mguu wa kushoto, na cha kushoto mguu wa kulia. Dervla alikuwa akifuta meza alipoviona.

“Baba, hilo la viatu hatukulipanga.”

Mzee Festy Mulvanerty aliinama akaitazama miguu yake kwa muda. Kisha akacheka.

“Nimeongeza mwenyewe. Ulidhani unamfundisha mtoto?”

“Basi viache hivyo hivyo. Bwana Tarpey anafika saa nne.”

Wiki nzima walikuwa kwenye mazoezi. Mwaka jana mkaguzi wa ruzuku ya walezi alipokuja, Mzee Festy alimpokea mlangoni amevaa suti yake ya misa, tai shingoni, akamwambia hajapata kuwa mzima kama siku ile. Akakunja shati kumwonyesha mkono uliowahi kubeba ndama wawili kwa mpigo. Mkaguzi akaandika kwamba mzee hahitaji mlezi, akanywa chai, akaenda zake.

Mwaka huu mchezo ulikuwa mkubwa zaidi. Dervla alikuwa akimlea binti yake Sorcha peke yake, na malipo ya mzazi wa peke yake yangekoma siku mtoto akitimiza miaka saba, yaani Jumanne ijayo. Mwanamke wa dirishani kwenye ofisi ya malipo huko mjini alimweleza vizuri: akikubaliwa kuwa mlezi wa baba yake, atapata nusu ya malipo ya mlezi juu ya yale aliyo nayo, na yale aliyo nayo yataendelea mpaka Sorcha afike miaka kumi na sita. Akikataliwa, itabidi akatafute kazi mjini, na mzee apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

“Kwa hiyo nusu ndiyo inayoibeba nzima,” Mzee Festy alisema, baada ya kuelezwa mara ya tatu. “Aliyepiga hesabu hiyo alikuwa amelewa.”

Mwanzoni alikuwa amekataa katakata. “Mimi siumwi. Siwezi kukaa mbele ya mtu nikajifanya zezeta.”

Dervla akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. “Najua huumwi, baba. Ndiyo maana itabidi tuwadanganye.”

Hapo macho ya mzee yakawaka. Enzi zake, wakaguzi wa mifugo kutoka Dublin walikuwa wakihesabu ng'ombe wake sita kwenye shamba la chini. Wakati yeye akiwakaribisha kikombe cha chai, wale ng'ombe wanapitishwa nyuma ya kilima na kwenda kuhesabiwa tena kwenye shamba la juu, ili alipwe ruzuku ya ng'ombe kumi na wawili. Jimbo zima la Leitrim lilimheshimu kwa hilo.

Bwana Tarpey alifika kwa wakati, kijana mwembamba, koti limelowa. Dervla akamwekea chai na mkate wa siagi.

“Mzee, hujambo? Leo ni siku gani?”

Walikuwa wamepanga ajibu Ijumaa, maana ilikuwa Alhamisi. Lakini Mzee Festy alimkazia macho.

“Siku ya mnada. Na wewe umekaa hapa unakula mkate wangu. Ng'ombe umemwachia nani?”

Ng'ombe walikuwa wameuzwa miaka minane iliyopita. Dervla aliinamia kikombe chake, na mzee akajua anajizuia kucheka.

Bwana Tarpey akamnyooshea kidole Sorcha, aliyebaki nyumbani siku hiyo kwa ajili ya kikohozi. “Na binti huyu ni nani?”

“Philomena.”

“Mimi Sorcha, babu.”

“Nyamaza, Philo, wakubwa wanaongea.”

Philomena alikuwa dada yake, na alizikwa kabla Dervla hajazaliwa. Mzee Festy alijishangaa jinsi jina lile lilivyomtoka bila kusitasita, wala hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Kipaji hakifundishwi.

“Usiku anaamka?” mkaguzi akamuuliza Dervla.

“Mara tatu, mara nne. Juzi nilimkuta uani, amevaa nguo za kulalia, anaita mbwa.”

Mzee Festy alimtazama bintiye kwa fahari. Mwanamke anadanganya bila hata kupepesa macho. Kweli damu haipotei.

Bwana Tarpey aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika tena. Mwishowe akafunga kalamu yake.

“Mama, nitapendekeza ukubaliwe. Utapata hiyo nusu, na malipo yako mengine hayataguswa.” Akasimama, akamshika Dervla mkono. “Pole sana.”

Ile pole nusura imwangushe mzee kwa kicheko. Aling'ang'ania kiti mpaka mlango ukafungwa na mngurumo wa gari ukapotelea kwenye mvua.

“Umemwona?” Akajipiga paja. “Kidogo alie yule. Shahada zote zile, na bado ni ndama tu. Haya, igizo limekwisha. Nakwenda kujinyoosha kitandani.”

Akatoka hadi ukumbini. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, mwaka aliooa. Kulikuwa na milango minne. Akafungua mmoja, akakuta mifagio na ndoo. Akafungua wa pili, akakuta bafu. Akaufunga taratibu, kisha akarudi kuufungua ule wa kwanza.

Dervla akaja nyuma yake, akamshika kiwiko.

“Usiache kwanza, baba. Bado yuko nje, anatuchungulia. Endelea kidogo tu, mimi nikuongoze kama mgonjwa.”

Mzee Festy akatazama nje kupitia dirisha la ukumbini. Barabara ilikuwa tupu hadi mlimani.

“Mjanja huyo,” akanong'ona, akiegemea bega la bintiye. “Kajificha vizuri.”