Uzi wa Kijani

Picha ilikuwa ikishuka kwenye kioo cha kompyuta polepole, ukanda kwa ukanda. Ziwa lilitangulia, zikafuata nywele, kisha nyuso.

Mwenyekiti wa kilabu cha voliboli alisimama nyuma ya kiti changu. Alifurahi kwamba kilabu kidogo kama chao kingepata ukurasa kwenye intaneti kwa bei yangu.

“Ni mi huyu, Madame Pulchérie,” akasema, akigusa kioo. “Mi niko pa katikati.”

Shati lake jeupe likatokea: kola, kifungo, kisha bega lenye mshono wa uzi wa kijani. Mshono ulikuwa umepinda, na mwishoni una fundo nene. Siku ile nilipoushona sikuwa na mkasi, nikakata uzi kwa meno.

Kaka yangu alitoka nyumbani amevaa shati lile, hakurudi.



“Iko muzuri?” akauliza.

“Iko muzuri.”

“Bon. Ikuze kidogo, watu ya mbali watuone.”

Nikaikuza mpaka bega likajaa kioo. Nikaweka vidole kwenye vitufe vya herufi.

“Chini ya picha tunaandikaka majina,” nikamwambia. “Niambie jina yako yote.”