Mlango wa Watu wa Simu

Shakombo alikuja kumuuzia Bi Mwanatumu, mpishi wa halua, anwani ya pili ya tovuti, yenye mkia wake maalumu wa herufi mwishoni mwa jina, kwa ajili ya watu wa simu peke yao.

"Simu ni ndogo, mama. Lazima iwe na mlango wake."

"Mlango wa pili ninao," alisema Bi Mwanatumu bila kuacha kukoroga. "Ule pale, wa wageni. Marehemu mume wangu aliuchongesha nakshi kwa fahari zake. Watu wote wanapitia uani."

Hapohapo mteja akaingia kupitia uani, simu mkononi, tovuti ileile ya zamani imefunguka. Akaitanua picha kwa vidole. "Nataka hii, yenye zafarani."

Shakombo akajikohoza. "Huyo ana macho mazuri tu."

"Haya, tupatane mwanangu. Ukitoka kwa mlango wa wageni, nanunua."

Shakombo akalivamia komeo lenye kutu, akalivuta mpaka tai ikamgeukia mgongoni. Nyuma yake wateja wakazidi kumiminika uani, wakiviruka viatu vyake, alivyovivua palepale alipoingilia mwenyewe.