Kidude cha Shemeji

Namba za kipimo cha satelaiti zilirukaruka tena: mara nyumba ya bibi kizee iko salama, mara imeingia barabarani mita mbili. Tingatinga la kubomoa lilishaanza kunguruma.

Ndipo binti mpima ardhi alipong'amua: namba huchanganyikiwa kila lori analoendesha shemeji yake linapoegeshwa karibu. Alilirukia, akachomoa kwenye tundu la kuchajia kidude chenye joto kama yai lililotoka kuchemshwa, kile kinachovuruga mawimbi ya satelaiti ili tajiri mwenye lori asijue lilipo.

Namba zikatulia tuli. Nyumba ilikuwa salama!

"Zima tingatinga!" alipaza sauti.

Simu ya shemeji ikaita.

"Tajiri huyo, kashaniona! Umeniponza, shemeji. Niombe radhi!"

"Siombi, shemeji. Pokea simu."