Boti ya Oreste

Delfino aliibomoa boti kwa mikono yake mwenyewe, na kila ubao uliotoka mzima ulimzidishia wasiwasi.

Wazamiaji walikuwa wameipandisha juzi kutoka chini ya Ziwa Iseo, kule Italia, ilikolala matopeni miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeiunda, mwaka 1961: mbao za mahogani, matabaka ishirini ya vanishi, injini iliyonguruma mpaka ng'ambo. Mwenye boti alikuwa Oreste, mtu wa makelele na mkono mwepesi wa kupiga. Wiki ya pili tu ilizama naye katikati ya ziwa, na kuogelea alikuwa hajui.

"Kazi ya Delfino hiyo," watu wakasema. Tangu hapo hakuna aliyemwagiza boti tena. Akaishia kutengeneza viti vya kanisani.

Mtu mmoja tu hakumtupa: Zaira, mjane wa Oreste. Kila Jumapili alimletea polenta ya moto, ugali wa kwao, na waliomsema Delfino mbele yake aliwakatiza palepale: "Mwacheni fundi wa watu! Mnajua nini nyie?" Habari za kuipandisha boti zilipoenea, yeye peke yake ndiye aliyeomba iachwe hukohuko.

Sasa Delfino alikuwa akilitafuta kosa lake. Mataruma, zile mbavu za boti, mazima. Skrubu za shaba, zimekaza. Gundi, imeshika kama jana. Akapapasa sakafu, chini ya injini, na kidole kikapenya mpaka nje.

Tundu la kutolea maji lilikuwa wazi. Kizibo chake hakikuwepo, kile cha shaba kinachokazwa kwa spana. Akalimulika kwa tochi. Nyuzi za tundu, zile zinazoshika kizibo, hazikuwa na hata mchubuko. Kizibo hakikung'oka. Kilifunguliwa.

Alitoka mbio na aproni yake, akapita sokoni watu wakimshangaa, mpaka jikoni kwa Zaira. Delfino alikuwa akilia kama mtoto.

"Bi Zaira, si mimi! Miaka yote hii, si mimi! Kizibo nilikikaza kwa mkono wangu, naapa. Kuna mtu alikifungua. Mumeo aliuawa!"

Zaira hakushtuka. Alimvutia kiti, akammiminia kahawa, akangoja mpaka kwikwi zikatulia.

"Ulikikaza kweli, fundi," akasema taratibu. "Kukifungua ilinibidi niikanyage spana kwa miguu yote miwili."