Ngiri Apewa Shimo

Zamani za kugawana mashimo, Ngiri hakuwa na kwake. Usiku alikesha akimhofia Chui, mchana akasinzia matopeni. Muhanga, fundi wa kuchimba, akasema, "Lile shimo nililolihama, apewe."

"Kwanza aoge, aache kusinzia, ajifunze adabu," akasema Nguchiro, mpenda masharti.

"Ataachaje kusinzia na hana pa kulala?"

Ngiri akapewa. Akaingia kinyumenyume, meno yake marefu yakabaki mlangoni. Nguchiro akacheka. "Hata kuingia nyumbani hajui."

Jioni Chui alimkimbiza Nguchiro hadi akaanguka matopeni. Akafika shimoni anahema. "Ndugu yangu, nisitiri. Nitaoga baadaye."

"Ingia kwanza," Ngiri akasema, akampisha.

Chui alipoyakuta yale meno mlangoni, akaenda zake. Nyuma ya Ngiri, Nguchiro alishaanza kusinzia, na matope yake.