Hatua ya Kumi na Tisa

Mkuu wa waandishi wa miongozo ya mashine alikuwa amekwisha kuvua viatu chini ya meza, kama afanyavyo kila ikifika saa kumi, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

"Kabaki mmoja," alisema msaidizi wake. "Fundi cherehani. Hana cheti hata cha dawa."

Mkuu alirudisha miguu viatuni. Tangu asubuhi walikuwa wamehoji watu wanane, wote na shahada zao, na wote walikuwa wamemchosha kwa maneno makubwa.

Mwanamke aliingia, akaketi ukingoni mwa kiti. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimetobokatoboka kwa sindano.

"Uandishi umesomea wapi, dada?"

"Sijasomea. Ila nimewaletea nilichoandika."

Alitoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Msaidizi aliidaka, akaisoma kwa sauti ya kutania.

"Moja: dirishani kukiwa na mwanga, ni asubuhi. Mbili: miwani iko mezani, karibu na redio. Tatu: soksi kwanza, ndipo viatu." Akacheka. "Makubwa! Umemwandikia mtoto wa chekechea?"

"Mtu mzima. Alikuwa fundi mitambo."

"Fundi mitambo afundishwe soksi?"

Mwanamke aliinamisha kichwa. "Hiyo ya tatu nimeiandika upya mara kumi na moja. Akikosea yeye, najua nimekosea mimi."

Mkuu alikaa wima. Miaka ishirini alikuwa akiwaimbia wasomi wake jambo hilo hilo, likiingilia sikio hili na kutokea lile.

"Na kazi hii unaitakia nini?"

"Naipenda tu, mzee."

Jibu lile lile la wale wanane. Mkuu alishusha pumzi, akaivuta karatasi, akaigeuza. Nyuma palikuwa na hatua moja peke yake, kwa herufi kubwa. Aliisoma taratibu.

"Kumi na tisa: jioni mwanamke atafungua mlango kwa ufunguo wake. Usimfukuze. Ni mkeo."

Msaidizi alianza kupanga vyeti vya wale wanane, ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Hiyo jana imemshinda," alisema mwanamke. Kisha akainua uso. "Nimesikia kazi hii mtu anaweza kuifanyia nyumbani. Nipeni, mzee, nisiwe natoka tena."